Mkwe Aliyempindua Mkunga Chali

Aniello Cacace alikuwa mlezi wa minyoo, na hakuona haya kulisema. Kazi yake katika maabara moja ya viumbe vya bahari, hapo Napoli, ilikuwa kuwalisha minyoo wa baharini mchicha na kuwabadilishia maji, ili wataalamu wapate mayai yao. Kwa kuwa hakuna aliyemfukuza walipokuwa wakizungumza, alisikia mengi, na yote akaenda nayo mitaani.

Alilolipenda zaidi lilikuwa la Profesa Malfitano wa hapo maabara. Kumbe jeni zinazoamua ubongo wa mnyoo uote wapi na neva zake zipite wapi ni ndugu wa jeni zinazotutengeneza sisi. Zilitoka kwa babu mmoja wa kale mno, aliyeishi baharini kabla samaki hajawa samaki. Tofauti ni kwamba neva kuu za mnyoo hupita tumboni, zetu mgongoni. Wapo wataalamu wanaosema kwamba katika ukoo wetu kuna babu aliyepinduka chali, na wajukuu tukabaki hivyo hivyo. Aniello alimsimulia kinyozi, akamsimulia padri, akawasimulia na wauza samaki, nao wakampa pole.

Mama mkwe wake, Donna Nunziata, hakumpa hata pole. "Labda huko kwenu akina Cacace," alimjibu. "Kwetu hakuna aliyepinduka."

Sasa, Napoli mkesha wa Krismasi bila mkunga, yule samaki mrefu mwenye utelezi, si mkesha. Hununuliwa mzima, huchinjiwa nyumbani, na katika ukoo wa Donna Nunziata aliyemchinja ndiye mwenye meza. Mwenye meza alikuwa yeye, mwaka nenda mwaka rudi. Binti yake Titina, mke wa Aniello na mama wa watoto wakubwa, alikuwa bado anabeba bakuli lake kwenda kwa mama kama mgeni, na jambo hilo lilimuuma. Mwaka ule alimbembeleza mamaye mpaka akakubali mkesha uliwe kwa Titina, ila kwa sharti: mkunga achinjwe na watu wa nyumba hiyo, yeye asiinue kidole. Wakishindwa, karamu inarudi kwake, na asisikie tena habari hizo.

"Niachie mimi," Aniello alimwambia mkewe. "Wanyama wa baharini ndio kazi yangu."

Titina alimwamini. Mapenzi nayo yana hasara zake.

Alasiri ya mkesha, Donna Nunziata aliketi kwenye kiti cha kichwani mwa meza, koti mwilini, mkoba mapajani. Aniello alimshika mkunga kwa kitambaa, akafikiri kidogo, kisha akampindua chali kwa adabu zote na kumwekea kisu kooni. Huko ndiko neva zilikopita kwa wale minyoo anaowajua, na mtu huchinja anavyojua. Mkunga, ambaye neva zake zilikuwa salama mgongoni, alimchapa kofi la mkia shavuni, akatumbukia kwenye saladi ya koliflawa, akatoka humo na kuingia chini ya friji. Watoto walipanda viti. Aniello alipiga magoti akimsihi mkunga atoke.

"Nimekosea upande tu, mama," alisema kutoka sakafuni. "Angekuwa mnyoo, saa hizi ameshakufa."

"Angekuwa mnyoo, tungemla?" Donna Nunziata aliuliza, akaanza kufunga vifungo vya koti.

Titina aliviona vile vifungo. Aliweka kikaango chini, akajipaka chumvi ya mawe viganjani, akainama chini ya friji na kumtoa mkunga kama mtu anayetoa soksi. Akamlaza juu ya ubao, tumbo chini, akamkata shingoni kwa nyuma, mara moja. Tangu utotoni alikuwa amesimama kando ya mamaye akitazama, na hakuna aliyewahi kumpa kisu.

Alipomkatakata, vipande viliendelea kurukaruka. Aniello aliinuka akijifuta magoti. "Hizo sasa ni neva tu zinazo..."

"Aniello," Titina alisema, "kaanga."

Akakaanga.

Donna Nunziata alikitazama kile kichwa kilivyokatwa, akamtazama na binti yake kwa muda mrefu. Kisha akafungua koti, akalivua, na kumpa mjukuu akalitundike. Aliinuka kwenye kiti cha kichwani, akakipangusa kwa kiganja ingawa hakikuwa na vumbi, akakivuta nyuma.

"Kaa, mwenye nyumba," alisema.

Titina alikaa na chumvi yake mikononi, machozi yakamtoka mbele ya watu wote, na hakujali. Mama mtu alichukua kiti cha mkono wake wa kulia. Ikabaki nafasi moja tu, kule mwisho katikati ya watoto, na hapo ndipo mlezi wa minyoo alipokalishwa na kupakuliwa mkia. Alifungua kinywa aeleze jambo kuhusu mkia, akaona jinsi mkewe alivyokaa pale kichwani mwa meza, akautia mkia mdomoni na kutafuna.