Njia Niliyoifagia

Mwaka wa tisini na saba, nikikaribia miaka hamsini, hoteli moja ya Diani iliniachisha kazi ya kufagia bustani kwa kuwa wageni walikuwa wameadimika, na kama shida ingeishia hapo, nisingekuwa na aibu ya kusimulia.

Nilirudi kwangu, chini ya mlima wa Kwale, reki begani (darasa la pili sikulimaliza, lakini kwa reki hakuna aliyenifikia). Nikakuta wanakijiji wamejitolea kuchonga njia ya baiskeli msituni kwa jembe na panga, bila mshahara, ili Kassim, aliyekuwa akiwatembeza wageni wa Diani kwa baiskeli, awapitishe kwetu wanunue chakula cha akina mama. Wakaja, wakala, wakapendezwa. Lakini magurudumu yakaanza kuichimba njia, tukapangiana zamu za kuitunza, na zamu ya kabla ya kundi kubwa la wageni ikaniangukia mimi.

Sasa mimi, mtu wa hoteli, nikayatazama yale majani makavu na nyasi za kandokando nikaona haya, mgeni apite kwenye takataka? Nikaparura nyasi zote, nikafagia majani yote, nikapiga reki mpaka njia ikawa safi kama uwanja wa arusi. Mama Kadzo, jirani yangu, akapita na kuni kichwani.

"Baba Mutua, umeinyoa njia kipara! Mvua ikija, mchanga utashikwa na nini?"

"Mama, mimi nimewafagilia Wazungu tangu ujana wangu. Wewe kapike."

Akaenda akachinja kuku wake wote. Na mvua ikanyesha mpaka alfajiri.

Asubuhi nikavaa suti ya kanisani, nikaazima baiskeli ili niongoze msafara mwenyewe (nani mwingine angeongoza?).

"Shikamoo mzee. Njia umeikagua leo?" Kassim akaniuliza.

"Marahaba. Njia yangu haikaguliwi."

Tukateremka. Kwenye kona ya mwisho, pale walipokuwa akina mama wakipiga vigelegele, nikaona mchanga wote umekwenda na maji, mizizi iko nje kama mbavu, na katikati korongo la kufika magotini. Nikabana breki, baiskeli ikaendelea na safari zake, nikaanguka kifudifudi kwenye matope, suruali ikapasuka pasipotajika, mgeni mmoja akanipanda mgongoni na wa pili akampanda yeye. Vigelegele vikakatika. Mama mmoja wa Kizungu akawa analia, mkono umevunjika.

Kassim hakunigombeza, na heri angenigombeza. "Mzee wangu," alisema, "huku siwaleti tena."

Sufuria zikapoa. Mama Kadzo akanijazia sahani, akaiweka mbele yangu na matope yangu. "Kula, Baba Mutua. Kuku wote ni wako leo."

Zamu hazikuitishwa tena. Leo nina ekari tatu, michungwa, mbuzi wanne, nyumba ya mabati niliyoijenga kwa mikono hii, na ile reki. Njia imeota nyasi yenyewe, mchanga umeshikwa vizuri kabisa, na hakuna baiskeli inayopita. Majani yakianguka uani kwangu, nayaacha.