Bahasha Niliyoikalia

Jumanne asubuhi nilikuwa sokoni Kiamaiko, mkono juu ya mgongo wa beberu mmoja mwekundu, dada ya rafiki yangu mwalimu aliponipigia simu. "Jirani, mwalimu ametuacha." Alikuwa amelazwa hospitalini siku nne tu. Nilimwachilia yule beberu nikarudi nyumbani bila kununua mbuzi hata mmoja, na nyinyi wasomaji wangu wa siku zote mnajua kwamba jambo hilo halijawahi kunitokea, hata wakati wa ukame.

Mimi sijifichi. Niliachia masomo darasa la saba, nikaanza kwa kuosha matumbo ya mbuzi wa wenyewe, na leo nina mabucha matatu mtaani Huruma na safu gazetini. Marehemu alishika njia nyingine. Mlango wao ulitazamana na wetu, mamake akiuza mutura, yale matumbo ya mbuzi yaliyojazwa nyama na damu, kando ya barabara, naye akasoma mpaka akapata shahada ya uzamifu na kuwa mhadhiri wa chuo kikuu. Hata hivyo kila Jumamosi alirudi sokoni kuchagua mbuzi mwenyewe. Wateja wengi huangalia manyoya na pembe. Yeye alipitisha vidole kwenye uti wa mgongo, akabonyeza kiuno, kisha akasema, "Huyu ni manyoya tu. Ndani hamna nyama." Sikuwahi kumwona akikosea.

Nilizoea kumwita "Daktari!" kwa sauti, wateja wajue ni watu wa aina gani wanaonunua kwangu. "Wacha hizo, jirani," alinijibu kila mara. Siku moja nyanya mmoja alisikia, akajikokota hadi kwake, akapandisha leso na kumwonyesha goti. "Daktari, hili linanisumbua tangu mvua ianze." Bucha nzima ilicheka. Mwalimu naye alicheka, akamweleza kwa adabu kwamba udaktari wake ni wa vitabu. "Sasa huo unatibu nini?" nyanya akauliza, akaondoka zake. Hapo ndipo kicheko kilipomtoka mwalimu usoni. "Umemsikia? Hilo swali najiuliza kila nikiingia darasani. Wenzangu walikulia kwenye nyumba za vitabu. Mimi naona kuna siku mtu atanipitishia vidole mgongoni, akute ni manyoya tu."

Nilimwambia aache mchezo. Kwa miaka mingi nilidhani woga huo ni wetu sisi tusio na vyeti. Kumbe mtu anaweza kutundika vyeti ukuta mzima na bado aingie kazini akinyata kama mwizi, akingoja kushikwa. Mwaka jana, kabla ya Pasaka, aliniletea bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na maombi yake ya kupandishwa cheo awe profesa, kila kitu kimejazwa na kutiwa sahihi. "Nitunzie. Ikikaa kwangu nitaichana. Nikiwa tayari nitakuambia uipeleke." Niliitia kwenye droo, chini ya leseni za bucha. Kila Jumamosi nilimuuliza kwa macho, naye akatikisa kichwa. Basi.

Kwa nini sikumsukuma, mimi ninayesukuma kila mtu? Leo nitasema. Aliwahi kunialika nizungumze na wanafunzi wake kuhusu biashara. Nilikubali mbele ya watu, nikajigamba wiki nzima, na siku yenyewe nikamwambia nina lori la mbuzi linaloshuka kutoka Isiolo. Hakukuwa na lori. Nilikuwa nimekaa kitandani na suti yangu mpya, nikiwaza nitasema nini mbele ya watoto wa chuo. Nadhani alijua, maana hakuniuliza mbuzi walikuwa wangapi. Tangu hapo kila mmoja wetu hakuugusa woga wa mwenzake, na ubaya huo tukauita heshima.

Kwenye mazishi mkuu wa idara yake alisimama. "Kila mwaka tulingoja aombe," alisema. "Tulidhani hataki." Baadaye nilimfuata nikampa bahasha. Aliisoma akiwa amesimama palepale kwenye matope, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Hii ingepita siku ileile," akaniambia. Mwanafunzi wake mmoja aliyekuwa kando akasema kwamba siku ya kwanza ya kila muhula mwalimu aliwaambia, "Ukiona kama uliingia chuo hiki kwa makosa, njoo ofisini kwangu tuongee." Walikuwa wakienda, na wakitoka huko wamenyooka. Yeye alikosa wa kumwendea. Alinijia mimi, nami nikampa droo.

Kwa hiyo, wewe uliyekabidhiwa woga wa rafiki yako, usiutunze. Ubishie, upige kelele, uchukue bahasha uipeleke mwenyewe hata akununie mwaka mzima. Atakayemkagua kwa vidole atakuta nyama. Wale wanafunzi wameniomba niende nizungumze nao Ijumaa, na nimewaambia nitafika. Suti imepigwa pasi. Hakuna lori linaloshuka siku hiyo.