Binti Hayupo

Mama yangu ni binti Hayupo. Sikutanii. Kwenye kitambulisho, kwenye cheti cha shule, kwenye kadi ya zahanati, jina la baba limeandikwa hivyo hivyo. Shuleni mwalimu aliita watoto kwa majina ya baba zao. Akiita "Hayupo!", mama anajibu "Nipo!", na darasa zima hoi kwa kicheko. Huisimulia kama kichekesho, ila mimi mwanawe namjua: akimaliza kucheka huenda kusugua sufuria ambayo tayari inang'aa.

Alikuwa dobi wa hospitali mpaka alipostaafu. Mashuka, mapazia, makoti ya madaktari, yote yalipita mikononi mwake. Hata leo ukimtembelea na shati lenye kunjo, anakuvua. Lakini hili la baba yake lilimshinda kulinyoosha. Bibi aligoma kumtaja mwanamume huyo mpaka akaingia kaburini. Alisema neno moja tu: alitukataa. Mama akakua nalo, akazeeka nalo.

Mimi ni msusi, na mdomo ninao. Nilimwambia twende ofisi ya vizazi na vifo, tukaangalie kile kitabu alimosajiliwa. Akakataa. Nikamnunia. Mwishowe akakubali kwa shingo upande, kwa sharti kwamba tukikuta ni kweli alikataliwa, nisimtajie tena habari hizo maishani mwangu.

Tulikaa kwenye benchi, mama kaukumbatia mkoba wake utadhani mtu wake yuko chumba cha upasuaji. Karani, mwanamama mwenye miwani iliyopandishwa kichwani, akaja na kitabu kikubwa, akashusha kidole taratibu. Jina la baba: Hayupo. Mstari wa chini yake: Hayupo. Chini tena: Hayupo. Karani akaguna, akatueleza kwamba karani mwenzake wa zamani hakujihangaisha. Akiuliza baba yuko wapi, akijibiwa hayupo, anaandika alichosikia. Mama akasema kumbe ana ndugu wengi hivyo. Alitania, lakini mkoba hakuuachia.

Ndipo karani akatuonyesha safu ya mwisho, ya shahidi. Palikuwa na alama ya dole gumba, na pembeni maneno: mdogo wake mama wa mtoto. Bibi alikuwa na mdogo mmoja tu, naye yu hai, na siku zote ametuapia kwamba hajui lolote. Damu ilinichemka.

Tulimkuta bibi mdogo kibarazani kwake akichambua mchele. Nikaanza kufoka kabla sijakaa. Mama akanishika mkono, akaniambia ninyamaze, akachuchumaa mbele yake.

"Mama mdogo, ulikuwepo. Niambie alinikataa au hakunikataa."

Bibi mdogo akausukuma ungo kando. Baba alikuwepo, akasema. Wanaume waliambiwa wasubiri nje, naye alisimama dirishani, kanga ya mtoto begani. Karani alipouliza baba yuko wapi, bibi akajibu hayupo, na yule mwanamume akasikia. Kisa ni kaka za mwanamume huyo: walishatangaza kwamba mtoto akiandikwa jina lao atalelewa kwao. Bibi aliogopa kunyang'anywa. Baadaye akamwapisha mwanamume kwamba hatamsogelea mtoto mpaka yeye mwenyewe bibi atoe ruhusa.

Mama akauliza kama bado yu hai. Bibi mdogo akamjibu huku ametazama chini: ni yule fundi saa wa nyuma ya soko. Nyuma ya soko! Hapo ndipo ninaponunua rasta za wateja wangu. Nilitamani kuupindua ule ungo, nasema kweli.

Njiani mama alisimama mara kwa mara akitaka turudi. Nikamwambia ameshasikia mwenyewe kwamba hakukataliwa. Akatikisa kichwa.

"Mtu anaweza kuapishwa akashukuru kimoyomoyo. Akinifukuza je?"

Nikamshika mkono, tukaendelea kutembea.

Kibanda kilikuwa chembamba. Mzee alikuwa ameinama mezani, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, akasema bila kuinua kichwa kwamba saa iachwe hapo na tupitie kesho. Nilifungua mdomo, mama akaniminya vidole. Akataja jina lake mwenyewe, halafu la mama yake. Sauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba nilidhani mzee hakusikia.

Mzee akakitoa kile kioo. Akamtazama mama, mvi zake, uso wake, kwa muda mrefu. Kisha akachungulia barabarani nyuma yetu kwa wasiwasi, kama kuna mtu anatufuata.

"Mama yako anajua umekuja?"

Nikajibu mimi: bibi alishafariki, tena zamani, mimi nikiwa bado shule.

Mzee aliishika meza kwa mikono yote miwili.

"Hakuna aliyeniambia," akasema. "Ningekuja."

Mama akavuta kiti cha wateja, akakaa karibu naye.