Pingili Mbili za Ua la Mama

Mama alinipa ua lile siku naolewa, kipande cha kaktasi kilichofungwa kwenye khanga kuukuu, akasema, "Likikufia, usinipigie simu." Ndiyo utani wake. Nililipanda kwenye kopo la rangi kibarazani kwangu, Nyahanga, na kila mwaka lilichanua maua mekundu mpaka wapita njia wakawa wanabisha hodi kuuliza.

Mwaka jana mizizi ilijaa kopo, nikalihamishia kwenye chungu kikubwa. Hapo ujuaji ukaniponza. Mume wangu hununua marudio, mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu, ili atafute iliyobaki, na kiroba kimoja kilikuwa uani. Mchanga laini, msafi kama unga. Kaktasi si hupenda mchanga? Zebaki wanayokamatia dhahabu, ile sumu inayobaki mchangani, niliisahau. Sisi wa huku tunaisahau kwa sababu tumeizoea.

Wiki ya tatu pingili zikalegea, zikaanza kudondoka. Na siku hizohizo Mama akapiga simu kwamba anakuja kutoka Chato. Niliogopa, sifichi. Nikakisukuma chungu nyuma ya tangi la maji.

Alifika Jumamosi, nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yakizunguka kibaraza. "Ua langu liko wapi?"

Nikamwonyesha. Akaushika ule mchanga, akausugua vidoleni, akaenda kunawa kwa sabuni mara mbili. "Mwanangu, umelilisha marudio." Nikalia, mtu mzima na watoto watatu, nikimwomba radhi.

Akanitazama, kisha akaanza kucheka. "Nyamaza. La kwangu lilikufa zamani. Nililimwagia maji ya kuoshea samaki wa chumvi, eti mbolea. Nimekuja kukuomba mbegu."

Tukakaa chini na kisu. Zilizooza tukatupa, zikabaki pingili mbili, moja nzima na moja iliyosinyaa kidogo. Tuliziacha kivulini siku mbili ili majeraha yakauke, tukachanganya udongo wa shambani, mchanga wa mtoni na samadi kuukuu. Mama akachukua ile iliyosinyaa. Nikambishia, akasema yeye ana muda mwingi wa kuibembeleza. Akaondoka nayo kwenye kikombe cha plastiki, ameipakata.

Mwaka huu yangu imechanua kwanza, maua mawili. Nilifurahi sana, ila sikumwambia mtu. Jana asubuhi Mama akapiga simu, hata salamu hakungoja.

"Langu limechanua leo. La kwako je?"

Nilikuwa nimekaa mbele ya maua yangu mawili na chai yangu.

"Bado, Mama," nikasema. "La kwako limetangulia."