Ndiga za Masika

Harufu ya muhogo uliolowekwa ukachacha hunirudisha Chome, kijijini kwetu milimani. Ikinijia sokoni Same, najifanya nina haraka, napita. Sababu yake nimewahi kumwambia mtu mmoja tu kabla yenu.

Nilikuwa na miaka tisa. Masika yalinyesha vizuri, ila mahindi yalikuwa bado magotini, na duka la kijiji lilikuwa na viberiti na mwenye duka, basi. Tulikula mnavu mpaka ukaisha. Hapo bibi akanipeleka ukingoni mwa msitu kuchimba ndiga, viazi mwitu vyenye nywele kama kidevu cha mzee. Ndiga zina sumu. Bibi alizikata nyembamba, akazizamisha kijitoni ndani ya kikapu siku tatu, mpaka zikanuka kama muhogo uliochacha. Siku ya nne ndipo tulipika.

"Usimwonyeshe mtu," aliniambia. "Ukimfundisha mmoja njia ya msitu, kesho atakuja na ukoo wake."

Jirani yetu, Mama Tatu, alikuwa mtu wa kuja. Alipanda mlimani kutoka shamba la mkonge baada ya kufiwa na mumewe, akiwa na watoto wawili: Tatu, rika langu, na Juma wa miaka minne, aliyezoea kunifuata nyuma akiniita dada.

Asubuhi moja Tatu alinikuta kijitoni. Alikuwa amefuata nyayo zetu, na kikapu chake kilijaa ndiga. Akaniuliza zinaandaliwaje. Nilimchukia ghafla, kana kwamba nimemkuta na mkono ndani ya chungu chetu.

"Osha mara mbili, kisha chemsha," nikamwambia.

Akanishukuru.

Kesho yake Juma alikuwa akitapika, ulimi mzito, miguu imelegea. Mama yake na Tatu nao waliumwa, lakini Juma ndiye aliyekuwa mdogo. Wanaume wanne walimbeba kwa machela kwenda hospitali, wakikimbia kwenye tope. Alasiri tuliwaona wakirudi. Hawakuwa na haraka tena.

Msibani Mama Tatu alilia kwamba ni mikono yake iliyopika. Tatu alinitazama tu. Nami nikamwacha mama yule ajilaumu. Mwezi haukuisha, wakahama.

Biashara huria ilipokuja, malori yalipandisha sembe mpaka Chome, watu wakasahau ndiga. Bibi alikuwa kitandani, mgonjwa, nilipomweleza nilichomwambia Tatu.

"Najua," akasema. "Niliwaona wakiziosha na kuzitia chunguni siku ile. Nikapita na kuni zangu."

Akaomba maji ya kunywa.

Utotoni niliamini ubaya ule ulikuwa wangu peke yangu. Ukubwani nikaelewa kuwa nilifundishwa, na aliyenifundisha alinipenda kweli, mapenzi yanayoishia mpakani mwa shamba. Masika yale sikulala na njaa hata siku moja.