Pumba za Kupokea Wageni

Wataalamu walikuja Ndalambo kupima gesi wanayocheua ng'ombe, ile inayoongeza joto duniani, ili wanaotoa kidogo wachaguliwe kuzaa madume ya mbegu. Tabita alitamani sana ng'ombe wake achaguliwe. Basi, kwa kuwa kwake mgeni hapokelewi kinyonge, alfajiri alimjazia ng'ombe pumba debe zima, apendeze.

Violet, mtaalamu, alielekeza kipimo puani mwa ng'ombe, akakunja uso. "Mama, huyu amekula nini?"

"Pumba, mwanangu. Mnakuja wageni, nimwaibishe?"

"Shibe hiyo imepandisha gesi, amewazidi wenzake wote! Kesho tunarudia. Majani tu, kama wenzake."

Jioni ng'ombe aliona debe tupu, akalia. Tabita alimtupia majani, akaingia ndani, akafunga mlango asimsikie.