Mwanamke wa Kwenye Gogo

Wanangu wakisikia naanza habari hii, huinuka wakaenda kutazama ng'ombe. Wewe kaa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu.

Ulikuwa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni. Tulikuwa tumehamishwa kutoka mashambani kwetu na kufungiwa katika kijiji kimoja upande wa Mweiga, kimezungukwa na mtaro uliojaa miti iliyochongwa ncha. Alasiri tulitolewa kwenda kuokota kuni ng'ambo ya mto, ukingoni mwa msitu. Filimbi ikilia, lazima urudi ndani. Atakayekutwa nje ni adui, na adui alipigwa risasi. Mimi nilikuwa na mimba kubwa.

Siku hiyo ukungu ulishuka ghafla. Filimbi ikalia. Wenzangu wakavuka mto juu ya gogo, mimi nikabaki nyuma nikifunga mzigo wangu. Nilipoteremka mbio, nikamkuta mwanamke kijana amesimama mbele ya gogo lile. Alivaa ngozi ya mbuzi kama watu wa kale, na tumbo lake lilikuwa kubwa kama langu. Nikamtazama usoni. Niamini, ulikuwa uso wangu.

"Usivuke," akaniambia.

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi ambaye ulipewa jina langu."

Kwetu mtoto hupewa jina la babu au nyanya yake, na watu husema ni yeye amerudi. Mimi nilipewa jina la cucu, mama yake mama. Nilijua alichukuliwa na mto akiwa mjamzito, akamwacha mama yangu bado mdogo. Zaidi ya hapo mama hakupenda kusema.

"Aliyekuwa na jina hili kabla yangu alikufa hapa," akaendelea. "Na wa kabla yake pia. Tunazaliwa, tunaolewa, tunashika mimba, tunafika kwa gogo hili. Kila mara kuna kitu nyuma kinatuharakisha. Mimi nilikuwa nakimbia mvua. Wewe unakimbia nini?"

"Filimbi."

"Basi ni yale yale."

Wewe ungefanya nini? Ukichelewa ni risasi, ukivuka ni maji. Kusema kweli, nilitaka kumsukuma nipite. Lakini mtoto akageuka tumboni kwa nguvu, nikasimama.

"Cucu, huko juu kuna daraja la barabara," nikamwambia. "Ni mbali."

Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi.

Nikatupa kuni, tukapanda. Tukafuata mto mpaka tukaiona barabara. Hapo akasimama, akatazama huku na huku.

"Hapa sipajui," akasema polepole. "Sijawahi kufika hapa."

Alikuwa anatabasamu kama msichana. Kisha nikaona nimeshika ukungu mtupu.

Langoni askari alininyooshea bunduki. Alikuwa mwenzetu Mwafrika, mtu wa magharibi mwa nchi, tuliyezoea kumwona. Nikainua mikono juu. Akanitambua kwa tumbo.

"Mama, umetoka wapi? Nilirudi kukutafuta kwa mto. Maji imekuja, imebeba hiyo gogo yote. Tulisema umekwisha."

Akafungua lango, wala hakuuliza lingine. Nikaketi palepale kwenye matope, nikalia, kisha nikacheka hadi wenzangu wakadhani nimerukwa na akili.

Nilijifungua salama, mtoto msichana, na leo yeye mwenyewe ni nyanya. Tangu siku ile niko mahali ambapo wenye jina langu hawakuwahi kufika, wala sijui maisha yangu yanaelekea wapi. Kila asubuhi ni ngeni kwangu, na sijaona raha inayoshinda hiyo.

Nawe, kama una jina la marehemu, uliza alikufa wapi na akiwa anafanya nini. Usione haya, hata wakikunyamazia. Na siku utakapofika mahali hapo na kujikuta una haraka, pita kwingine.